Maswali ya Wasomaji: Risasi na Afya ya Taifa la Marekani

Makala yetu ya mwezi uliopita ilieleza kwamba watu 46,728 walikufa kwa risasi nchini Marekani katika mwaka 2023, yaani wastani wa watu 128 kila siku, na kwamba wataalamu wengi wa huko wanalihesabu jambo hilo kuwa tatizo la afya ya umma. Barua zilizofuata ni nyingi, na baadhi zimetoka kwa wasomaji wanaoishi hukohuko. Tumechagua zile zinazouliza mambo ambayo makala ile haikuyagusa au iliyapita juu juu.

Mwanangu mhariri, nimeisoma makala yenu mara mbili bila kuridhika. Malaria ni ugonjwa, kipindupindu ni ugonjwa. Bunduki ni chuma kilicho mkononi mwa mtu mwenye nia yake. Tukimwita daktari aifanye kazi ya polisi na hakimu, je, hatumpunguzii mhalifu lawama? — Mwalimu mstaafu

Shikamoo, mwalimu. Pingamizi lako lina uzito, na Marekani kwenyewe lingali linatolewa na watu wenye busara zao. Hata hivyo, afya ya umma haianzi kwa kuuliza nani alaumiwe. Huanza kwa kuhesabu: amekufa nani, wa umri gani, wapi, saa ngapi, na ni mambo gani yaliyotangulia kifo chake. Hakimu humtafuta mtu mmoja aliyetenda kosa moja, na humhukumu baada ya maiti kuzikwa. Mtaalamu wa afya huyatazama maelfu ya matukio kwa pamoja, akitafuta mahali ambapo mambo yangeweza kuzuiwa kabla risasi haijatoka. Kazi hizi mbili hazigombani, na hakuna mshtakiwa aliyeachiwa huru kwa sababu daktari amechora jedwali.

Wamarekani wenyewe hupenda kukumbusha habari ya magari yao. Kwa miongo mingi ajali ilihesabiwa kuwa kosa la dereva mzembe, na dawa yake ikawa kumhubiria dereva. Mwaka 1966 Bunge lao lilipitisha sheria ya usalama wa magari, na mtu wa kwanza kukabidhiwa idara ya kuisimamia, William Haddon, alikuwa daktari. Ikaja mikanda, vikaja vioo visivyomkata abiria, ukaja usukani usiomchoma dereva kifuani. Madereva wazembe hawakuisha duniani, lakini uzembe wao ukawa unaua watu wachache zaidi kwa kila maili iliyosafiriwa, na hakuna aliyenyang'anywa gari lake.

Upande wa silaha, Chama cha Madaktari cha Marekani kilitamka mwaka 2016 kwamba vurugu za bunduki ni janga la afya ya umma, siku chache baada ya watu 49 kuuawa katika klabu ya usiku mjini Orlando. Tarehe 25 Juni 2024 Mganga Mkuu wa Marekani wa wakati huo, Dk. Vivek Murthy, alitoa waraka rasmi wenye msimamo huohuo, akieleza pamoja na mengine kwamba tangu mwaka 2020 bunduki ndiyo inayoongoza kwa kuua watoto na vijana wa nchi hiyo, ikiwa imeyapita hata hayo magari. Mwaka 2018, chama kikubwa cha wamiliki wa bunduki, NRA, kiliwaambia madaktari washughulike na mambo yao. Madaktari wa upasuaji wakajibu kwa kuchapisha picha za nguo zao za kazi zilizolowa damu. Nakiri kwamba mimi sina hoja inayoishinda hiyo.

Kila nikifungua habari za Marekani naona shule, makanisa na maduka makubwa yamevamiwa. Je, wengi wa hao 46,728 walikufa hivyo? — Msomaji wa tangu toleo la kwanza

Hapana, ndugu msomaji. Mashambulizi ya hadharani yanayoua watu wengi kwa mkupuo huchangia takriban kifo kimoja tu katika kila vifo mia vya bunduki. Hayo ndiyo yanayotufikia kwa sababu hutokea mahali pa wazi, kamera hufika, na majina ya miji hukaa midomoni: Uvalde, ambako wanafunzi 19 na walimu wawili waliuawa mwezi Mei 2022, hatutaisahau. Lakini ukizipanga takwimu za mwaka 2023 utakuta mauaji 17,927 na watu 27,300 waliojiua, na waliobaki, ambao ni wachache, wakiwa wale waliopigwa risasi na askari, waliokufa kwa bahati mbaya, au ambao chanzo cha kifo chao hakikujulikana. Maana yake ni kwamba karibu watu sita katika kila kumi waliokufa kwa bunduki walijiua, wengi wao nyumbani, pasipo mwandishi wa habari hata mmoja.

Hili hubadilisha hata ramani ambayo msomaji anayo kichwani. Tumezoea kudhani kwamba bunduki ni tatizo la miji mikubwa na vijana wa mitaani, na ni kweli kwamba mauaji huwaangukia zaidi vijana wa kiume Weusi katika mitaa michache iliyotelekezwa kwa muda mrefu. Jambo hilo ni dhuluma, na halipaswi kufunikwa. Hata hivyo, majimbo kama Wyoming, Montana na Alaska, yenye watu wachache, mashamba makubwa na wawindaji wengi, yana viwango vya juu sana vya vifo vya bunduki kulingana na idadi ya wakazi wake, na huko wengi wa waliokufa ni wanaume Weupe, mara nyingi wazee au watu wa makamo, waliojiua. Massachusetts, New Jersey na Hawaii, ambako bunduki ni chache na masharti ni makali, zimo katika kundi la mwisho kwa wingi wa vifo hivyo. Mississippi na Louisiana zina mzigo mkubwa wa aina zote mbili.

Samahani kwa swali gumu. Ndugu yangu wa karibu alijiua. Haikuwa kwa bunduki. Nikisoma kwamba kuondoa silaha nyumbani kunaokoa watu, nashindwa kuelewa: mtu aliyekwisha kuamua kufa, je, hatatafuta njia nyingine? — Jina limehifadhiwa

Pole sana kwa msiba huo. Swali lako ndilo swali kuu la jambo hili zima, na nitalijibu kwa urefu, kwa sababu dhana kwamba "aliyeamua ameamua" imewafanya watu wengi wema kukaa kimya mahali ambapo wangeweza kusaidia.

Tuanze na yale ambayo watafiti wamesikia kutoka kwa watu walionusurika. Wengi wao hawasimulii uamuzi uliopikwa kwa miezi. Husimulia dhoruba ya saa chache, na wakati mwingine ya dakika, iliyowakuta wakiwa tayari wamechoshwa na sonona, deni, talaka, maumivu au pombe. Katika utafiti mmoja uliofanywa Houston miongoni mwa vijana walionusurika, takriban robo walisema kwamba kati ya kuamua na kujaribu hazikupita hata dakika tano. Na katika wale wanaonusurika jaribio, karibu tisa katika kila kumi hawafi kwa kujiua baadaye. Nia ya kufa, kwa wengi, huja na kupita. Bunduki haimpi mtu nafasi ya kuingoja ipite: karibu tisa katika kila kumi wanaoitumia hufa, ilhali wengi wa wanaojaribu kwa njia zinazotumika zaidi hunusurika, hupelekwa hospitali, na hupata siku nyingine ya kuzungumza na mtu. Kwa hiyo hata yule anayehamia njia nyingine, kwa kawaida huhamia penye uwezekano mkubwa zaidi wa kuokolewa.

Ushahidi wa hili ni wa zamani na umetoka sehemu mbalimbali za dunia. Uingereza ilipoacha gesi ya majumbani iliyotokana na makaa ya mawe, ambayo ilikuwa na sumu, na kuleta gesi isiyo na sumu hiyo, idadi ya watu waliojiua kwa mwaka katika England na Wales ilishuka kutoka 5,714 mwaka 1963 hadi 3,693 mwaka 1975, na haikuwa kwamba Waingereza wa miaka hiyo walikuwa wamepata furaha mpya. Jeshi la Israel lilipowaamuru askari vijana, mwaka 2006, waziache bunduki zao kambini wanapokwenda nyumbani mwisho wa wiki, idadi ya waliojiua ilipungua kwa takriban asilimia 40, na upungufu mkubwa ulikuwa wa siku hizohizo za mapumziko. Siku za kazi mambo hayakubadilika sana. Ingekuwa kweli kwamba kila mtu hutafuta njia nyingine, au husubiri Jumatatu, takwimu hizo zisingekaa hivyo.

Kuna tukio moja la Marekani ambalo huwa nalitaja kila ninapoulizwa jambo hili. Mwaka 2009, katika jimbo la New Hampshire, watu watatu wasiojuana waliingia duka moja la bunduki, kila mmoja kwa siku yake, katika kipindi kisichofika wiki; kila mmoja alinunua silaha kihalali, na kila mmoja alijiua ndani ya saa chache. Mwenye duka alipoambiwa, alirudi kuzitazama picha za kamera za dukani akitafuta dalili ambayo huenda ilimpita. Yeye na wauzaji wenzake wakaketi na watu wa afya ya umma, wakatunga maelekezo mafupi: muuzaji asiharakishe biashara na mteja asiyejua bunduki wala asiyetaka kuijua, asiyeuliza lolote kuhusu kuitunza, au anayeonekana kuwa na dhiki, na kwenye kaunta ziwepo kadi zenye namba ya simu ya msaada. Mradi huo ukaenea katika majimbo mengine. Naupenda kwa sababu ulifanywa na wenye bunduki wenyewe, ambao hawakulazimika kwanza kushinda wala kushindwa katika mabishano ya kisiasa.

Kwa msomaji yeyote ambaye maneno haya yamemgusa kwa sasa, hayupo peke yake, na hali hiyo hutibika: amwambie mtu anayemwamini leo hii, au aende kituo cha afya kilicho karibu. Aliyeko Marekani anaweza kupiga simu au kutuma ujumbe kwa namba 988 saa yoyote. Na ukimwona ndugu yako katika giza hilo, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani.

Dada mhariri, tumehamia Ohio na binti yangu wa miaka tisa amealikwa kulala kwa rafiki yake wa shule. Nimesikia kwamba hapa karibu kila nyumba ina bunduki. Naona haya kuuliza, wasije wakasema wageni hawa wana dharau. Nifanyeje? — Mama, Columbus

Uliza, mama. Si kila nyumba, lakini takriban watu wazima wanne katika kila kumi nchini Marekani wanaishi katika nyumba yenye bunduki, kwa hiyo swali lako ni la kawaida kama kuuliza kama kuna mbwa mkali au bwawa la kuogelea, na madaktari wa watoto wa huko wamekuwa wakiwahimiza wazazi kuliuliza kwa miaka mingi. Usilianze kama shutuma. Siku unapompigia mama mwenzako kupanga saa ya kumpeleka mtoto, mweleze kama binti yako ana mzio wa chakula, kisha useme kwamba huwa unauliza kila nyumba: je, kuna bunduki, na kama ipo, imefungiwa na risasi zake zimewekwa mbali? Mwenye bunduki makini hatachukia, pengine atafurahi kukuonyesha sefu yake. Akichukia, mwalike mtoto wake aje kulala kwako.

Lisikuridhishe jibu la kwamba "ipo, lakini watoto hawajui ilipo." Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2006, uliofanywa Alabama, uliwahoji wazazi na watoto kila upande peke yake: miongoni mwa wazazi waliosema mtoto wao hajui bunduki inawekwa wapi, takriban wanne katika kila kumi walikanushwa na watoto wao wenyewe. Watoto hupekua, sisi sote tulipekua makabati ya mama zetu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba takriban watoto milioni 4.6 wa Marekani walikuwa wakiishi na bunduki iliyojazwa risasi na isiyofungiwa.

Na ikiwa mume wako naye anafikiria kununua bastola ya kujilinda, kama wahamiaji wengi wanavyofanya baada ya kusikia habari za wezi, mzungumze mapema kuhusu sefu, kuhusu kuziweka risasi kando, na kuhusu ndugu au rafiki gani angekaa na silaha hiyo kwa muda endapo mmoja wenu, au kijana wenu akishabalehe, atapita katika kipindi kibaya.

Nchi tajiri yenye vyuo vikuu vingi kiasi hicho, inakuwaje utafiti wake kuhusu jambo hili uwe haba? — Mwanafunzi wa uuguzi

Kwa sababu fedha zilikatwa. Mwaka 1993 utafiti uliogharimiwa na Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa, CDC, ulionyesha kwamba kuwa na bunduki nyumbani kunaambatana na hatari kubwa zaidi ya mtu kuuawa humohumo ndani. Watetezi wa bunduki walikasirika, na mwaka 1996 Bunge liliweka kifungu kilichopewa jina la mbunge Jay Dickey wa Arkansas, kikikataza fedha za kituo hicho kutumika kupigia debe udhibiti wa bunduki, kisha likaondoa dola milioni 2.6 zilizokuwa zikienda kwenye utafiti wa aina hiyo. Kifungu hakikukataza utafiti wenyewe, lakini wakuu wa taasisi wana familia za kulisha, na kwa zaidi ya miaka 20 karibu hakuna aliyethubutu. Dickey mwenyewe alibadili msimamo: mwaka 2012 aliandika gazetini pamoja na Mark Rosenberg, aliyekuwa mpinzani wake ndani ya CDC, akitaka utafiti urejeshwe. Fedha zilirudi katika bajeti ya mwaka 2020, dola milioni 25, na Dickey hakuziona, kwani alifariki mwaka 2017.

Katiba yao imewapa bunduki na Mahakama yao ya Juu imekazia. Kwa nini basi tupoteze wino? — Wakili kijana

Wakili, nadhani umesoma nusu ya hukumu. Ni kweli kwamba mwaka 2008, katika shauri la Heller, Mahakama ya Juu ilitamka kuwa Marekebisho ya Pili ya Katiba yanamlinda mtu binafsi anayeweka bunduki nyumbani, na mwaka 2022, katika shauri la Bruen, ikaibatilisha sheria ya New York ya vibali vya kutembea na silaha. Lakini mwezi Juni 2024, katika shauri la Rahimi, majaji wanane kati ya tisa walikubali kwamba mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa kumtishia mwenzi wake anaweza kukatazwa kuwa na bunduki. Uwanja umebanwa, haukufungwa.

Ndani ya uwanja huo yapo mambo yanayofanyika. Zaidi ya majimbo 20, pamoja na mji mkuu Washington, yana sheria zinazoiruhusu mahakama kuondoa silaha kwa muda kwa mtu aliye katika hatari. Connecticut ndiyo iliyotangulia, mwaka 1999, na watafiti walioichunguza walikadiria kwamba katika kila amri 10 hadi 20 zilizotolewa, kifo kimoja cha kujiua kiliepushwa. Jimbo hilohilo linamtaka mnunuzi wa bastola awe na kibali kwanza. Missouri ilikuwa na sharti la namna hiyo, ikalifuta mwaka 2007, na uchambuzi uliofuata ulihusisha hatua hiyo na kuongezeka kwa mauaji ya bunduki.

Mengine hayagusi Katiba hata kidogo. Gary Slutkin, daktari wa magonjwa ya mlipuko aliyewahi kufanya kazi katika kambi za wakimbizi Somalia na katika mapambano dhidi ya UKIMWI Uganda, aliporudi Chicago aliona kwamba ramani za mauaji zinafanana na ramani za kipindupindu, tukio moja likizaa jingine jirani yake. Akaajiri watu wanaoheshimika mitaani, baadhi yao wakiwa wametoka gerezani, wakazime ugomvi kabla ya kisasi. Matokeo ya mpango wake yamekuwa mchanganyiko, mitaa mingine ikipona na mingine isibadilike, na sioni sababu ya kulificha hilo. Jaribio la Philadelphia lilikuwa imara zaidi: viwanja vitupu 541 viligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi vikafyekwa, vikaondolewa takataka, vikapandwa nyasi na miti michache, vikazungushiwa uzio mfupi wa mbao, na vingine vikaachwa kama vilivyokuwa. Katika mitaa maskini zaidi vurugu za bunduki zilipungua kwa asilimia 29 kuzunguka viwanja vilivyosafishwa. Hakuna jaji anayeweza kubatilisha nyasi.

Je, vifo vinapungua au vinaongezeka? — Msomaji

Inategemea unahesabu vipi. Mwaka 2021 ulikuwa na vifo 48,830, ambavyo havijawahi kufikiwa kabla yake, na kufikia mwaka 2023 jumla ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya 2,000. Upungufu wote huo umetokana na mauaji, yaliyoshuka kutoka 20,958 hadi 17,927. Waliojiua kwa bunduki waliongezeka katika miaka hiyohiyo, kutoka 26,328 hadi 27,300, na huo waraka wa Mganga Mkuu tulioutaja uliondolewa kwenye tovuti ya wizara ya afya ya Marekani mwezi Machi 2025.